Ardhi Ikititia Kakamega, Nani Atalipa?

Tuzungumze kuhusu kitu ambacho wengi wetu hatukikumbuki tunapojenga, nacho ni ardhi iliyo chini ya msingi. Tunabishana kuhusu mabati, kuhusu rangi, kuhusu vigae vya sebuleni. Fundi akimaliza, tunamwita mchungaji aombe, tunachinja kuku, tunahamia. Wale waliojenga kwa mkopo huongeza jambo moja zaidi: wananunua bima, kwa sababu benki imewaambia wanunue. Hati inaingia kabatini, na kuanzia hapo mwenye nyumba analala akiamini kwamba lolote likitokea, atalipwa.

Hapo ndipo ninapotaka kumwamsha leo, bila kumtisha. Bima hailipi kwa sababu nyumba imeanguka. Hulipa kwa sababu nyumba imeangushwa na jambo lililotajwa kwenye hati. Na hapa Kakamega, jambo linaloweza kuiangusha nyumba kutoka chini ndilo mara nyingi lisilotajwa, au limetajwa katika orodha ya yale ambayo kampuni haitayalipia.

Tuanze na ardhi yenyewe, kisha tuje kwenye karatasi.

Ukisikia habari za nyumba iliyomezwa na ardhi usiku, mara nyingi habari hiyo imetoka jimbo la Florida, Marekani. Kule chini kuna mwamba wa chokaa. Maji ya mvua huwa na asidi kidogo, na kwa miaka mingi sana huuyeyusha mwamba huo polepole mpaka unabaki uwazi ndani yake. Siku udongo uliofunika uwazi huo ukishindwa kujishikilia, kilicho juu huenda chini. Februari 2013, katika mji wa Seffner, ardhi ilifunguka chini ya chumba cha kulala. Mwanamume aliyekuwa amelala humo hakupatikana tena, na nyumba nzima ikabidi ibomolewe.

Mawe ya namna hiyo sisi Kenya tunayo upande wa Pwani, ndiyo maana kuna mapango kama yale ya Shimoni. Kakamega hatuna. Mwamba wetu ni wa kale na ni mgumu. Lile jiwe la Ilesi, lile linalolia pale kando ya barabara ya Kisumu, limepigwa na mvua tangu enzi za mababu na bado limesimama. Kwa hiyo mtu anaweza kusema: basi sisi tuko salama.

La. Mashimo ya Florida yalichimbwa na maji. Mengi ya kwetu yalichimbwa na watu.

Mwaka 1931 mlowezi mmoja aliyeitwa L. A. Johnson, kutoka upande wa Turbo, aliondoka kutafuta dhahabu huku kwetu, akaipata. Habari zikaenea, na katika muda mfupi eneo hili likajaa wazungu wenye sururu na vibali. Serikali ya kikoloni ilikuwa imetunga sheria mwaka 1930 ya kulinda ardhi ya wenyeji: ukichukua kipande cha hifadhi yao, uwape kingine. Mwaka 1932, dhahabu ilipoonekana, sheria hiyo hiyo ilirekebishwa ili ardhi iweze kutolewa kwa uchimbaji bila wenyeji kupewa nyingine badala yake. Mwanajiolojia Albert Kitson akatumwa mwaka huo huo kuchunguza kuna mali kiasi gani chini. Katika migodi iliyofuata, uliopata jina kubwa ni ule wa Rosterman, hapa hapa karibu na mji wa Kakamega. Ulifanya kazi mpaka mwaka 1952.

Kisha kampuni ikafunga na kwenda zake. Mashimo hayakwenda nayo.

Na uchimbaji haukuisha. Vijana na akina mama wanaendelea kutafuta riziki Rosterman, wanaendelea Ikolomani, wanaendelea Shinyalu. Siwalaumu, ada ya shule za watoto wengi imetoka katika mawe hayo. Ila tuelewe kazi yenyewe inavyokwenda. Dhahabu yetu hukaa katika mishipa ya jiwe jeupe la kwatzi. Mchimbaji hushuka chini wima, na akiukuta mshipa, huugeukia na kuufuata kwa ubavu popote unapokwenda. Mshipa haujui bikoni. Mtu anaweza kuingilia katika shamba la jirani, na baada ya miezi kadhaa akawa anagonga jiwe chini ya jiko lako. Anapochimba, anaegemeza magogo. Anapohama, magogo yanaoza. Mvua inanyesha. Uwazi unabaki ukingoja.

Hapa hunyesha karibu milimita 2,000 kwa mwaka, msikilizaji. Ni mvua nyingi kwa kipimo cha nchi hii, na maji ndiyo yanayoitafuta kila njia iliyo wazi chini ya ardhi.

Sasa ongeza mashimo yasiyo na dhahabu. Choo cha shimo kikijaa, tunakifukia na kuchimba kingine hatua chache pembeni. Kisima kikikauka, tunatupa takataka ndani na kusawazisha juu. Pale tulipotoa udongo wa kuchoma matofali, tunajaza kifusi na kupanda ndizi. Baada ya miaka 20 mzee anafariki, watoto wanagawana, mmoja anauza ploti ya hamsini kwa mia kwa mwalimu anayetoka Butere. Mwalimu anaona nyasi nzuri, tambarare. Hakuna wa kumwambia kwamba chumba chake cha watoto kitakaa juu ya kilichokuwa choo cha shangazi.

Kuna na ardhi ya mteremko, ambayo haizami bali inasafiri. Agosti 2007, kule Khuvasali upande wa Malava, mlima uliporomoka juu ya watu. Majirani wakaja mbio kuokoa, na udongo ukashuka mara ya pili ukawafunika waokoaji. Wazee wa pande zile hawahitaji kukumbushwa na redio.

Na kuna ardhi inayoliwa na maji kutoka ndani. Machi 2018, karibu na Suswa, baada ya mvua kubwa, ufa mrefu ulifunguka na kuikata barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok. Mitandaoni watu wakatangaza kwamba Afrika inapasuka vipande viwili siku ile ile. Wataalamu wengi wa miamba walieleza jambo la kawaida zaidi: nyufa za zamani zilikuwa zimejaa majivu laini ya volkeno, na maji yakayasomba kutoka chini mpaka juu pakabonyea.

Nimezitaja hizi zote kwa sababu kwa mwenye nyumba ni kitu kimoja, ukuta umepasuka, lakini kwa kampuni ya bima ni vitu tofauti kabisa. Uchimbaji ni kitu kimoja. Mteremko kuporomoka ni kingine. Udongo kutitia ni kingine. Udongo uliojazwa na binadamu ukijishindilia wenyewe ni kingine tena. Kila kimoja kina mstari wake katika hati, au hakina mstari kabisa.

Sasa tuje kwenye karatasi.

Bima ya nyumba hapa Kenya huuzwa kama kifurushi chenye mafungu. Fungu la kwanza ni jengo: kuta, paa, sakafu, na vilivyofungwa humo. La pili ni vyombo vya ndani. La tatu ni vitu unavyotoka navyo, kama simu na kompyuta. Kisha kuna fungu la mfanyakazi wa nyumbani akiumia kazini, na fungu la dhima, yaani mtu mwingine akidhurika kwa sababu ya nyumba yako. Mpangaji hahitaji fungu la jengo. Hilo ni la mwenye nyumba. Mpangaji anahitaji la vyombo.

Katika fungu la jengo huorodheshwa majanga: moto, radi, mlipuko, tetemeko la ardhi, dhoruba, mafuriko, ghasia, bomba la maji kupasuka, gari kugonga ukuta. Kwa Kakamega, radi peke yake ni sababu tosha ya kuwa na bima. Lakini angalia orodha hiyo vizuri. Kutitia kwa ardhi na maporomoko mara nyingi hayamo, au yamo kama nyongeza inayoombwa na kulipiwa kando. Na hata nyongeza ikiwekwa, huja na mikia yake: haitalipia nyumba mpya inayojikalia kwenye msingi wake, haitalipia udongo wa kujazwa ulioshuka, haitalipia ujenzi mbaya, haitalipia ua wala njia ya kuingilia mpaka nyumba yenyewe iwe imeathirika kwa wakati huo huo. Katika hati nyingine, uchimbaji wa madini umetengwa waziwazi.

Hebu tuwasikilize mama mwenye nyumba na kijana wa bima wakizungumza barazani.

"Mama, hii inashika kila kitu."

"Kila kitu ni nini, kijana wangu?"

"Moto, radi, mafuriko, wizi, mpaka tetemeko la ardhi."

"Na ardhi ikititia? Hapa chini walichimba sana zamani."

"Hiyo si ni kama tetemeko tu, mama?"

"Si kama. Nionyeshe mahali ilipoandikwa."

Mama huyo, msikilizaji, ndiye mteja ninayetaka tuwe. Ana haki ya kuikataa hiyo "kama". Tetemeko ni ardhi kutikisika. Nyumba iliyotumbukia kwenye handaki la zamani asubuhi tulivu, bila kutikisika, haikuangushwa na tetemeko. Vile vile mafuriko ni maji kujaa na kuingia ndani. Maji yaliyopita chini kwa chini na kusomba udongo wa msingi ni kesi ambayo mkadiriaji hasara ataipinga siku nzima. Neno la mdomo la ajenti halitakuwepo siku hiyo. Karatasi itakuwepo.

Basi uliza nini? Nitakupa maswali, na majibu yake uyatake kwa maandishi, kwa barua au kwa ujumbe kutoka kwa kampuni yenyewe.

La kwanza: je, kutitia kwa ardhi kumo, na maporomoko yamo? Usikubali jibu moja kwa yote mawili.

La pili, na hili ndilo la Kakamega hasa: ikiwa ardhi imetitia kwa sababu ya shimo lililochimbwa na watu, mgodi wa zamani, wachimbaji wa sasa, choo au kisima kilichofukiwa, mtalipa? Kama hapana, je, kuna nyongeza ninayoweza kununua? Kama haipo katika kampuni hii, nenda kampuni nyingine, au mtumie broka. Ajenti kwa kawaida huuza kwa niaba ya kampuni; broka anapaswa kukutafutia wewe sokoni.

La tatu: mnataka nyumba iharibike kiasi gani ndipo mlipe? Hapa Florida inatufundisha. Sheria ya kule ya mwaka 2007 inazilazimu kampuni kutoa kinga ya ardhi kuporomoka, lakini kinga ile ya msingi ina masharti manne, na yote manne lazima yatimie. Ardhi iwe imeporomoka ghafla. Bonde lionekane kwa macho. Jengo liwe limeharibika pamoja na msingi wake. Na mamlaka iwe imeamuru watu wahame. Nyumba iliyopasuka vibaya lakini ambayo bado inakalika haifiki hapo. Anayetaka nyufa zake pia zilipiwe hununua kinga pana zaidi, kwa bei ya juu zaidi, na kampuni huweza kutaka kuikagua nyumba kwanza. Kwa hiyo watu wawili wa mtaa mmoja wanaweza wote kusema wana bima ya ardhi kutitia, na mmoja akalipwa, mwingine akabaki na nyufa zake.

La nne: ninabeba kiasi gani mwenyewe kabla yenu? Kila dai lina sehemu ambayo mwenye nyumba huimeza. Kwa ardhi kutitia sehemu hiyo huwa kubwa kuliko ya moto. Ikiwa utabeba shilingi 200,000 za kwanza, nyufa za shilingi 150,000 ni zako peke yako.

La tano: mtalipa kutengeneza nyumba tu, au pia kuimarisha ardhi chini yake? Kurudisha ukuta juu ya shimo lile lile ni kupoteza simiti. Na uliza kama kodi ya mahali utakapokaa wakati wa matengenezo imo.

Sasa kuna hesabu moja inayowaumiza watu wengi kuliko hata mistari ya kutengwa. Ni thamani unayoandikisha. Tuseme kuijenga upya nyumba yako leo, kwa bei ya leo ya matofali, mabati, mbao na fundi, kutagharimu shilingi milioni 4. Wewe, ili upunguze ada, ukaandikisha milioni 2. Janga likatokea na hasara ikawa milioni 1. Unasema: milioni 1 ni chini ya milioni 2, nitalipwa yote. Kampuni inasema: uliandikisha nusu, kwa hiyo tulibeba nusu, chukua 500,000. Na kutoka hapo wanatoa ile sehemu yako ya kubeba. Kinyume chake pia ni hasara: ukiandikisha bei uliyonunulia ploti na nyumba pamoja, unalipia ardhi kila mwaka ilhali bima ya jengo hailipi ardhi. Andikisha gharama ya kujenga upya, na uipitie kila mwaka unapohuisha.

Kwa wenye mkopo, neno la pembeni. Bima iliyotakwa na benki iliwekwa kwanza kwa ajili ya benki. Jina lake limo kwenye hati, na fidia ikija, deni linaangaliwa kabla yako. Omba nakala ya hati hiyo, maana wewe ndiye unayeilipia.

Upande wa malipo, sheria yetu ya bima inataka ada ilipwe mbele. Bila malipo hakuna kinga, hata kama mmepeana mikono. Juu ya ada utaona tozo ya asilimia 0.45 na ushuru wa stempu wa shilingi 40. Ukiona makato mengine makubwa yasiyo na jina, uliza. Na kabla ya kumpa mtu yeyote pesa, hakikisha kampuni na ajenti wamo katika orodha ya Mamlaka ya Kudhibiti Bima. Mamlaka hiyo ndiyo pia unayoipelekea malalamiko kampuni ikikuzungusha.

Kuna wajibu ulio upande wetu pia, na hapa wengi hujikwaa. Bima inataka useme unachokijua. Kama unajua kuna shimo la mgodi lililofukiwa nyuma ya nyumba, kama ukuta ulishawahi kupasuka ukatiwa plasta, sema. Inawezekana ada itapanda. Inawezekana utakataliwa. Lakini ukificha, utalipa ada kwa miaka kumi, na siku ya haja mkadiriaji atamuuliza jirani, jirani atasema ukweli wote akiwa amesimama na chai mkononi, na dai lako litafia hapo.

Ndiyo maana nasema ujue ardhi kabla ya bima. Kabla hujanunua ploti, kaa na wazee wa mahali hapo. Usimuulize anayeuza peke yake. Muulize aliyekuwa akichunga ng'ombe pale akiwa mtoto. Palichimbwa? Choo kilikuwa wapi? Kisima? Maji hupita wapi mvua ikizidi? Kisha mlipe mtu achimbe mashimo ya majaribio mahali msingi utakapokaa, na ukiweza, mhandisi auangalie udongo. Chuo Kikuu cha Masinde Muliro kiko hapa mjini na kinafundisha usimamizi wa majanga. Elimu haiko mbali. Ukishajenga, elekeza maji ya paa mbali na msingi, na shimo la maji taka liwe mbali na ukuta.

Na ukishahamia, jifunze kusoma ufa. Nyufa nyembamba kama unywele kwenye plasta mpya ni kukauka tu. Ufa wa kuogopa ni ule unaokwenda kwa mshazari kutoka pembe ya dirisha au mlango, upana wake umezidi milimita 3, mara nyingi mpana upande mmoja kuliko mwingine, na unaonekana ndani na nje. Mlango uliokuwa ukifunga vizuri unaanza kukwama. Sakafu inainama upande mmoja. Wahenga walituambia usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwenye bima, tafadhali, usiuzibe kwanza. Upige picha na rula pembeni, andika tarehe, ijulishe kampuni, kisha ungoje mtu wao aje. Ukiuziba kabla hawajauona, utakuwa umefukia ushahidi wako mwenyewe. Ila kama nyumba inalia usiku na ardhi inaendelea kushuka, toa watoto nje. Picha utapiga ukiwa barabarani.

Najua kuna anayenisikiliza akisema: haya yote ni ya wenye nyumba za matofali. Mimi nyumba yangu ni ya udongo na mabati, ajenti hata hapiti langoni. Ni kweli. Kampuni nyingi hupenda nyumba ya kudumu, na bima zote kwa jumla nchini hazifikii hata asilimia 3 ya pato la taifa. Kwa hivyo wengi wetu, siku ardhi ikititia, bima yetu ni harambee, chama, kanisa na jamaa walioko Nairobi. Sizidharau. Lakini harambee hujenga nyumba moja. Handaki likiporomoka chini ya boma tano kwa mara moja, wachangaji ndio hao hao waathirika.

Hapa ndipo ninapotoka kwa mwenye nyumba na kuigeukia serikali, ya kaunti na ya kitaifa.

Katika jimbo la Pennsylvania, Marekani, watu walichimba makaa ya mawe kwa vizazi, kisha kampuni zikaondoka, na zaidi ya nyumba milioni 1 zikabaki juu ya migodi ya zamani. Bima za kawaida za nyumba kule hazilipi hasara ya mgodi kuporomoka. Jimbo halikuwaambia watu wasali. Mwaka 1961 lilianzisha mfuko wake wenyewe wa bima ya migodi, na mwenye nyumba wa kawaida hununua kinga humo mpaka leo. Afrika Kusini nako walijifunza kwa uchungu kwamba dhahabu huacha ardhi dhaifu: Desemba 1962, katika mgodi wa West Driefontein, shimo lilifunguka likameza mtambo mzima wa kusaga mawe, na watu 29 wakafa. Maji yalikuwa yamevutwa kwa pampu kutoka ndani ya miamba ili wachimbaji wafike chini, na ardhi ikakosa kilichokuwa kikiishikilia.

Kwetu Katiba ya 2010 inasema madini ni mali ya umma. Huwezi kusema dhahabu iliyo chini ya jiko lako ni yako. Sawa, tumekubali. Sheria ya Madini ya 2016 ikagawa mrabaha: asilimia 70 kwa serikali ya kitaifa, 20 kwa kaunti, 10 kwa jamii inayoishi penye madini. Inasema pia kwamba mwenye leseni akiharibu mali ya mwenye ardhi, amlipe fidia. Ni vizuri, pale mwenye leseni anapojulikana. Aliyechimba mwaka 1936, utamshtaki wapi? Kijana aliyechimba juzi na leo yuko Migori, utamdai nini?

Na swali hili linazidi kuwa la haraka. Mwaka 2020 kampuni ya Shanta Gold iliununua mradi wa dhahabu wa Kenya Magharibi kutoka Barrick, na mipango imekuwa ya mgodi wa chini ya ardhi upande wa Isulu na Bushiangala, Ikolomani. Mjadala wetu wote umekuwa kuhusu nani atahamishwa na kwa bei gani. Ni mjadala halali. Lakini kuna atakayebaki, yule ambaye shamba lake liko ng'ambo tu ya mpaka wa mgodi. Yeye hatapewa fidia ya kuhama kwa sababu hahami. Kabla jiwe moja halijatolewa, nyumba yake ipigwe picha, kuta zake zipimwe, na ripoti abaki nayo mkononi, ili ufa wa kesho usije ukaitwa ufa wa jana.

Mambo mengine mawili yanawezekana bila kungoja kizazi kingine. Kaunti ichore ramani ya mashimo yote yanayojulikana, ya wakoloni na ya sasa, na ramani hiyo iwekwe wazi katika ofisi ya ardhi ambapo mnunuzi wa ploti anaweza kuiona, na ambapo kampuni ya bima pia inaweza kuiona na kuacha kubahatisha. Kampuni isiyojua shimo liko wapi hulikataa eneo zima. Na sehemu ya ule mrabaha wa kaunti na wa jamii iende kwenye mfuko wa nyumba zinazoharibiwa na ardhi iliyochimbwa, za matofali na za udongo sawasawa, kwa kanuni zilizoandikwa, si kwa kumjua chifu.

Mpaka hayo yafanyike, kazi ya usalama iko kwako. Toa ile hati kabatini jioni ya leo. Tafuta mstari wa ardhi kutitia. Tafuta mstari wa uchimbaji. Usipoiona, piga simu kesho asubuhi na uulize, na jibu ulitake kwa maandishi. Kwa viongozi wetu nina sentensi moja tu: dhahabu ikitoka ardhini, kila mtu anajua fungu lake liko wapi, hasara inayobaki ardhini nayo ipewe mwenyewe.